Mkanda wa VHS ulistahili kufa, haki ya mnunuzi haikustahili

Machi 2006, filamu ya David Cronenberg iitwayo A History of Violence ilitoka Marekani kwenye mkanda wa VHS. Ndiyo inayohesabiwa kwa kawaida kuwa filamu kubwa ya mwisho ya Hollywood kuuzwa madukani kwa njia hiyo. Oktoba 2008 kampuni ya Distribution Video Audio, msambazaji mkubwa wa mwisho wa mikanda nchini humo, ilitoa lori lake la mwisho kwenye ghala la Palm Harbor, Florida. Miongoni mwa wateja wake walikuwa maduka ya bei poa, maktaba za umma na kambi za jeshi. Julai 2016 ikawa zamu ya Funai Electric ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikiunda deki, yaani mashine za kuchezea mikanda hiyo. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeuza deki 750,000, ilhali enzi za neema ilikuwa ikiuza milioni 15 kwa mwaka, na vipuri vilikuwa vimeanza kuadimika.

Ubishi mkubwa uko kwenye ile tarehe ya kwanza. Wapo wanaosema studio ziliuzika mkanda mapema kwa tamaa ya fedha na kuzika nao sehemu ya historia ya sinema. Wengine wanajibu kwamba mkanda ulijifia wenyewe, kwa kuwa aliyewahi kuona filamu kwenye DVD hakuwa na hamu ya kurudi alikotoka. Kwa maoni yangu ubishi huu umekaa mno kwenye chombo chenyewe. Mkanda ulipofika sebuleni kwa watu ulifuatana na haki fulani za mnunuzi, na haki hizo ndizo zilizokosa watetezi.

Nianze na wanaoshangilia kifo chake, maana hoja zao ni nzito kuliko zinavyosikilizwa siku hizi. Mapenzi ya vitu vya kale yameupa mkanda sifa ambazo haukuwa nazo. Ukali wa picha yake ulipimwa kwa mistari kama 240, na DVD ikaja na takriban mara mbili ya hiyo. Kibaya zaidi kilikuwa ukataji wa picha. Filamu iliyopigwa kwa umbo pana la sinema, lile la 2.35 kwa 1, ilipohamishiwa kwenye televisheni za wakati ule na kujazwa skrini nzima ilipoteza zaidi ya asilimia 40 ya picha. Dawa ilikuwapo: kuacha mistari myeusi juu na chini. Lakini matoleo mengi hayakufanya hivyo, kwa sababu wanunuzi wengi walipoiona mistari hiyo walidhani wamepunjwa. Basi fundi alikaa kwenye chumba cha kuhamishia filamu akaamua mtazamaji aone uso wa nani. Watu wawili waliosimama kila mmoja upande wake wa fremu, wakiwa na ukimya mzito katikati yao, waligeuzwa kuwa mtu mmoja anayezungumza na hewa. Kizazi kizima kilikua kikiamini kimeziona filamu ambazo kilionyeshwa nusu yake tu.

Halafu kuna kuoza. Mkanda ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wenye sumaku na kushikizwa kwa gundi. Gundi hiyo hufyonza unyevu, na kila mkanda unapochezwa unasuguana na hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma picha. Mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja aliyewahi kufungua mkanda na kukuta kuvu nyeupe imeota kwenye kingo hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa tahadhari kwamba kanda za sumaku ambazo hazitakuwa zimehamishiwa kwenye mfumo wa kidijiti kufikia 2025 zina hatari kubwa ya kupotea moja kwa moja. Mtu anayetaka filamu idumu hawezi kuutetea mkanda wa VHS kama chombo cha kuhifadhia.

Jambo la tatu ni bei, na hapa wapenzi wa maduka ya zamani ya kukodisha husahau mengi. Katika miaka ya 1980 na 1990 filamu mpya ya Hollywood kwenye mkanda mara nyingi iliuzwa kati ya dola 80 na 100. Bei hiyo haikulengwa kwa familia, ililengwa kwa mwenye duka la kukodisha. Duka dogo lilinunua nakala mbili tatu, wateja wakapanga foleni. Mwaka 1998 Blockbuster, kampuni ya maduka iliyoanzia Dallas mwaka 1985, ilifunga mikataba na studio: ipate mkanda kwa dola chache tu, kisha igawane na studio mapato ya kila ukodishaji. Ghafla rafu za Blockbuster zikajaa nakala za filamu mpya, na duka la mtaa wa pili likabaki linanunua kwa bei ileile ya zamani. Wenye maduka madogo walikwenda mahakamani, wakashindwa. Kwa hiyo anayelilia duka la mtaani ajue kwamba mengi yalianza kuumizwa mkanda ukiwa bado unatawala. DVD, iliyoingia Marekani Machi 1997, iliuzwa tangu mwanzo kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu, kama dola 20.

Uzito nao ulichangia. Netflix ilipoanza kukodisha filamu kwa posta mwaka 1998 ilitumia DVD kwa sababu diski inaingia kwenye bahasha na kusafiri kwa gharama ndogo, jambo lisilowezekana kwa kaseti nene ya plastiki. Kufikia Juni 2003 ukodishaji wa DVD ulikuwa umeupita wa mikanda nchini Marekani. Miaka mitatu kabla ya studio kufunga mlango, watazamaji walikuwa wameshatoka. Kwa hoja hii nakubaliana na wanaosema hakukuwa na mauaji. Studio ziliharakisha maziko, ndiyo, na walioumia ni waliobaki na deki mwaka 2006 kwa kukosa fedha za kununua kifaa kipya. Lakini hakuna kampuni ingeendelea kulipia viwanda viwili kwa ajili ya wateja waliokuwa wakipungua kila mwezi.

Upande wa pili hauanzi na picha. Unaanzia mahakamani. Mwaka 1976 Universal na Disney ziliishtaki Sony kwa kuuza Betamax, mashine iliyomwezesha mtu kurekodi kipindi cha televisheni nyumbani kwake. Mwaka 1982 Jack Valenti, aliyekuwa kiongozi wa chama cha studio kubwa, aliliambia Bunge la Marekani kwamba deki kwa mtengenezaji wa filamu ni kama mnyongaji wa Boston, muuaji maarufu wa wanawake wa miaka ya 1960, kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani. Maneno ya kutisha, na yalisemwa kwa dhati. Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kurekodi kipindi ili ukitazame baadaye ni matumizi halali, na kwamba mashine yenye matumizi halali ya kutosha haiwezi kuzuiwa kwa sababu tu wapo watakaoitumia vibaya. Kura moja ingegeuka, historia ya sebule zetu ingekuwa nyingine.

Haki ya pili ilikuwa imekaa kimya kwenye sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976, kifungu cha 109: ukishanunua nakala halali, nakala hiyo ni yako, unaweza kuiuza, kuiazima au kuikodisha bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1977 Andre Blay wa Michigan alipata kibali cha 20th Century Fox cha kuuza filamu 50 kwenye kaseti. Mwaka huohuo George Atkinson alifungua duka Los Angeles akaanza kuzikodisha, dola 10 kwa siku. Studio zilichukia, lakini hazikuwa na la kumfanya. Mwaka 1984 Bunge lilikubali ombi la kampuni za muziki na kuzuia ukodishaji wa sahani za muziki bila idhini ya wenye haki. Kampuni za filamu ziliomba sheria kama hiyo zikakosa. Kabla muongo huo haujaisha, mapato ya studio kutokana na mikanda yalikuwa yameyapita yale ya majumba ya sinema. Kile kilichofananishwa na mnyongaji ndicho kilichowalisha.

Ninarudi mara kwa mara kwenye kipindi hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo studio zenyewe hazikuliona. Uhuru wa mtazamaji haukuharibu biashara ya filamu, uliipanua. Filamu iliyodumu wiki mbili kwenye sinema ilipata maisha ya miaka kumi kwenye rafu. Watengenezaji wadogo wa filamu za kutisha na za mapigano, ambao hakuna jumba la sinema lingewapokea, waliuza moja kwa moja kwa maduka yenye rafu tupu. Mwaka 2015 maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale ilinunua mikanda kama 2,700 ya aina hiyo, mingi ya miaka ya 1970 na 1980, kwa ajili ya utafiti. Ilifanya hivyo kwa sababu sehemu ya filamu hizo haikupatikana kwingine kokote.

Na hapa ndipo madai ya historia kuzikwa yanapopata nguvu. Filamu haihami yenyewe kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Lazima mtu alipie kuihamisha, na kabla ya hapo lazima mikataba yote iruhusu. Mikataba mingi ya muziki ya miaka ya 1970 haikutaja vyombo ambavyo vilikuwa havijabuniwa. Looking for Mr. Goodbar ya mwaka 1977 ilipatikana kwenye VHS, kisha ikapotea kwenye enzi yote ya DVD, mpaka ilipotolewa kwenye Blu-ray, diski iliyoifuata DVD, mwaka 2024. Kuna filamu ambazo mwenyewe hataki zionekane: Song of the South ya Disney, inayolaumiwa kwa jinsi inavyowachora Wamarekani weusi, haikuuzwa kamwe kwenye mkanda Marekani, lakini iliuzwa Uingereza, na wanaotaka kuichambua leo hutegemea nakala za namna hiyo. Kuna pia filamu zilizobadilishwa. George Lucas alipozifanyia marekebisho filamu tatu za kwanza za Star Wars mwaka 1997, matoleo yaliyoonyeshwa sinema mwanzoni yalibaki kwenye mikanda ya zamani. Yalipowekwa kwenye DVD mwaka 2006 yalikuja kama nyongeza ya pembeni, kwa picha hafifu iliyotolewa kwenye nakala ya miaka ya 1990.

Mtu atasema hizi ni filamu chache. Sawa, lakini aliyezihifadhi si studio. Ni watu walionunua mkanda mmoja, wakauweka kabatini na kukataa kuutupa. Walikuwa na haki hiyo kwa sababu mkanda ulikuwa wao.

Kwetu Afrika Mashariki hadithi hii ina sura nyingine, na inabidi isemwe bila kupamba. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam skrini ilikuwa ya kutazamia video kabla haijawa ya kutazamia habari. Filamu za Hollywood zilifika kwenye mikanda iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala, zikaonyeshwa vibandani, zikakodishwa mitaani. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alizisimulia kwa Kiswahili, akieleza, akiongeza, akimpa mwigizaji wa Kimarekani tabia ambayo mtu wa Manzese angeitambua. Uganda ilizaa wasimulizi wake wa Kiluganda, na Kenya baadaye ikampata DJ Afro. Sanaa hiyo iliwezekana kwa sababu mkanda uliweza kunakiliwa na kuwekewa sauti nyingine juu yake.

Wenye filamu hawakupata senti, na siwezi kujifanya kwamba uamuzi wa mwaka 1984 ulihalalisha jambo hilo. Haukuhalalisha. Mahakama ilizungumzia mtu anayejirekodia kipindi sebuleni kwake, si kibanda kinachotoza kiingilio. Lakini pia Hollywood haikuwa imeweka njia halali ambayo mtu wa kipato cha kawaida wa Mbeya au Kisumu angeweza kununua filamu hizo. Hata aliyeletewa mkanda halali na ndugu kutoka New York alikuta hauchezi vizuri, kwa kuwa Marekani ilitumia mfumo wa NTSC na sisi PAL, mpaka upate deki inayosoma mifumo yote. DVD nayo ikaja na ukuta wake: dunia iligawanywa kwa maeneo ya mauzo, Marekani namba 1, sehemu kubwa ya Afrika namba 5, na diski ya huko ilikataa kwenye mashine ya huku.

DVD ndiyo inayonifanya nisikubaliane kabisa na wanaoitaja kama hatua safi ya maendeleo. Kwa picha na sauti, ndiyo. Ilikuja pia na lugha za maandishi zinazobadilishwa, neema kubwa kwa viziwi na kwa sisi tusiokulia kwenye Kiingereza. Lakini ilikuja imefungwa kwa usimbaji, na sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu hakimiliki za kidijiti ikafanya kuvunja kufuli hilo kuwa kosa, hata kwa mtu anayetaka tu nakala ya akiba ya diski aliyoilipia. Mikanda nayo ilikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa tangu katikati ya miaka ya 1980, hivyo sisemi wakati wa VHS ulikuwa paradiso. Tofauti ni kwamba kwenye VHS kufuli lilikuwa la fundi, na kwenye DVD likawa la sheria. Haki ya kuazima na kukodisha ilibaki, maana diski bado ni kitu unachokishika mkononi. Haki ya kujitengenezea nakala ilianza kufa hapo, karibu miaka kumi kabla ya mkanda wa mwisho kutoka.

Leo hata ile iliyobaki inayeyuka. Netflix ilifunga huduma yake ya diski kwa posta tarehe 29 Septemba 2023. Mei mwaka huohuo Disney iliweka kwenye huduma yake ya mtandaoni filamu mpya iitwayo Crater, na baada ya wiki kama saba ikaiondoa. Kwa miezi kadhaa, hadi ilipoanza kuuzwa mtandaoni, hapakuwa na njia halali ya kuiona. Fikiria jambo hilo lingewezekanaje mwaka 1990. Studio ingelazimika kuwatuma watu nyumba kwa nyumba wakachukue kaseti kwenye makabati. Na anayenunua filamu mtandaoni mara nyingi hainunui, anapewa leseni inayoweza kufutwa. California ililiona hilo, ikatunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomlazimu muuzaji kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Ni hatua njema, ila inamjulisha mnunuzi kwamba hana haki bila kumrudishia haki.

Watetezi wa mtandao wana jibu, na si jibu dhaifu. Kijana wa Bujumbura mwenye simu na kifurushi leo anafikia filamu nyingi kuliko duka lolote la kukodisha lilivyowahi kuwa nazo, kwa picha safi, kwa ada ndogo kuliko mkanda mmoja wa mwaka 1988, na mwenye filamu analipwa. Mimi mwenyewe natazama hivyo na sitarudi kwenye deki. Ninachokataa ni hoja kwamba kwa sababu njia ni rahisi, basi umiliki hauna maana tena. Orodha hizo hutofautiana nchi kwa nchi na hubadilika mwezi kwa mwezi, na mtazamaji hana usemi katika mabadiliko hayo.

Mlango mmoja umebaki wazi kidogo, na sishangai kwamba wachache wanauzungumzia, kwa kuwa uko kwenye kifungu kikavu cha sheria. Kifungu cha 108 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinaruhusu maktaba na hifadhi kutengeneza hadi nakala tatu za kazi iliyochapishwa endapo chombo kilichoibeba kimepitwa na wakati na nakala mpya haipatikani kwa bei ya haki. Chombo huhesabiwa kimepitwa na wakati pale mashine ya kukisomea inapokuwa haiundwi tena au haipatikani tena sokoni kwa urahisi. Funai ilipozima mitambo mwaka 2016, VHS iliingia kwenye maelezo hayo bila mjadala. Lakini kifungu hichohicho kinakataza nakala ya kidijiti kutoka nje ya jengo la maktaba. Mtafiti wa Dodoma au Nairobi anayetaka kuona filamu iliyopo kwenye mkanda tu lazima apande ndege, au aache.

Ningependa sharti hilo lilegezwe. Filamu ambayo mwenye haki hajaitoa kwenye chombo chochote kipya kwa miaka kumi, maktaba iruhusiwe kuiazimisha mtandaoni, nakala moja kwa msomaji mmoja, kama ilivyokuwa ikiazimisha kaseti yenyewe. Mwenye filamu akiamua kuiuza tena, maktaba iache. Studio zitasema nakala itavuja na soko litaharibika, na kuvuja kunawezekana kweli, sitalipuuza. Ila hofu hiyo ndiyo Valenti aliyoipeleka bungeni mwaka 1982, na hesabu za miaka iliyofuata zilikwenda kinyume chake. Na kwa filamu ambayo mwenyewe hajaiuza kwa mtu yeyote tangu deki zilipokuwa madukani, sioni soko lipi litakaloharibiwa.